Jinsi ya kumpima mwigizaji anayetajwa kuwa James Bond ajaye

Ubishi wa nani amrithi Daniel Craig huharibika dakika ya kwanza, pale mtu anaporusha picha ya mwigizaji aliyevaa suti nyeusi na kuandika "huyu hapa". Mwingine anajibu kwa picha yake, wa tatu anaanza matusi, na hadi jioni hakuna aliyejifunza kitu. Picha haitembei wala haisemi. Kumpima Bond kunaanza na kalenda, kunapita kwenye sauti na mwendo, kisha kunafika kwenye tukio moja fupi ambalo watayarishaji wenyewe wamelitumia kuwachuja watu kwa miaka mingi.

Utahitaji karatasi, kalamu, kama saa moja na nusu kwa kila jina, na kazi mbili au tatu za mwigizaji huyo zikiwa na sauti yake halisi. Jumla ni alama 100: kalenda na mkataba 25, sauti 15, mwendo na mapigano 20, tukio la chumbani 20, ukimya 20. Sura haina alama. Aliyefika kwenye orodha ya kutajwa, sura yake imeshamfanyia kazi.

Kubalianeni mnamtafuta Bond yupi

Kuna Bond wa vitabu na Bond wa filamu, na nusu ya ugomvi hutokana na watu wawili kubishana kila mmoja akiwa na wake kichwani. Ian Fleming, aliyemwanzisha mwaka 1953, aliacha vipimo kamili. Katika riwaya ya From Russia, with Love, jalada la majasusi wa Kisovieti linamtaja Bond kuwa na urefu wa sentimita 183, uzito wa kilo 76, mwili mwembamba, macho ya buluu, nywele nyeusi na kovu kwenye shavu la kulia. Katika Moonraker tunaambiwa afisa wa kitengo cha 00, yaani majasusi wenye kibali cha kuua, huondolewa kazi za nje akifika miaka 45, na Bond amebakiza minane. Kwa hiyo ana 37.

Sasa tazama filamu. Sean Connery alikuwa na macho ya kahawia. Craig ana nywele za rangi ya dhahabu na urefu wa kama sentimita 178. Alipotangazwa Oktoba 2005, baadhi ya mashabiki walianzisha kampeni ya kususia filamu kwa ajili ya nywele hizo. Mwaka uliofuata Casino Royale ikaingiza karibu dola milioni 600 duniani, na mwaka 2012 Skyfall ikavuka dola bilioni 1.1. Anayeleta hoja ya rangi ya nywele, macho au ngozi aulizwe kwanza: unapima kwa kitabu au kwa skrini? Kama ni kwa kitabu, basi Connery na Craig nao wanafeli. Andikeni jibu juu ya karatasi kabla ya kuendelea.

Hoja ya uraia nayo imalizwe hapo hapo. Kati ya waigizaji sita wa mfululizo rasmi wa filamu 25, Waingereza kwa maana ya watu wa Uingereza yenyewe (England) ni wawili tu, Roger Moore na Craig. Connery alikuwa Mskoti, George Lazenby ni Mwaustralia, Timothy Dalton alizaliwa Wales, Pierce Brosnan ni wa Ireland. Mmarekani hajawahi kufika kwenye skrini katika mfululizo huo, ingawa John Gavin alishatia saini kwa ajili ya Diamonds Are Forever kabla Connery hajakubali kurudi. Kwa hiyo "lazima awe Mwingereza" ifuteni. "Mmarekani itakuwa vigumu" iacheni.

Tenganisheni pia namba na mtu. Katika No Time to Die ya mwaka 2021, Lashana Lynch anaibeba namba 007 wakati Bond amestaafu. Anayependekeza mwanamke apewe namba hiyo na anayependekeza mtu wa kuwa James Bond wanajibu maswali mawili tofauti. Wakijadiliwa pamoja hawatamaliza.

Kalenda: fanya hesabu mbili, si moja

Watu wengi huuliza mwigizaji ana miaka mingapi leo. Swali hilo halisaidii. Uliza atakuwa na miaka mingapi filamu yake ya kwanza itakapotoka, halafu atakuwa na mingapi katika ya tano.

Historia inakupa kipimo. Connery alikuwa na miaka 32 Dr. No ilipotoka Oktoba 1962. Lazenby alikuwa na 30. Craig alianza akiwa na 38, Dalton 41, Brosnan 42, na Moore 45. Moore alimaliza mwaka 1985 akiwa na 57, na ukiitazama A View to a Kill utaona jinsi watu wa stanti wanavyofanya kazi ambayo zamani angeifanya mwenyewe. Craig alimaliza akiwa na 53.

Jambo linalosahaulika ni kwamba nafasi kati ya filamu imeongezeka. Moore alicheza filamu saba ndani ya miaka 12. Craig alicheza tano ndani ya miaka 15. Kwa hiyo tumia miaka mitatu kwa kila filamu, yaani ya tano huja miaka 12 baada ya ya kwanza, na hapo umehesabu kwa wema.

Mwaka wa kuanzia ni upi? Februari 2025 Amazon MGM Studios ilichukua usukani wa ubunifu kutoka kwa Barbara Broccoli na Michael G. Wilson, watayarishaji wa Bond wa miaka mingi. Mwezi uliofuata Amy Pascal na David Heyman walitajwa kuwa watayarishaji, na katikati ya mwaka Denis Villeneuve akatangazwa kuwa mwongozaji, kisha Steven Knight kuwa mwandishi. Villeneuve alikuwa na filamu ya tatu ya Dune iliyopangiwa Desemba 2026. Tumia 2028 kama mwaka wa hesabu. Si tarehe rasmi, ni namba ya kufanyia kazi, na ukipata tarehe ya studio badilisha safu yote.

Kwa 2028 na 2040, hesabu ya majina yanayotajwa inatoka hivi. Aaron Taylor-Johnson, Jack Lowden na Callum Turner, wote wa mwaka 1990: 38, kisha 50. Daniel Kaluuya: 39, kisha 51. Theo James, aliyezaliwa Desemba 1984, atakuwa na 43 kwa sehemu kubwa ya 2028, kisha 55. Harris Dickinson na Tom Holland, wote wa 1996: 32, kisha 44. Jacob Elordi: 31, kisha 43. Henry Cavill: 45, kisha 57, umri ule ule wa Moore katika filamu yake ya mwisho. Idris Elba anatimiza 56 Septemba 2028, yaani angeanza karibu pale Moore alipoishia.

Elba ana wapenzi wengi Afrika, na haki yao. Kwa miaka mingi alikuwa jibu zuri kuliko yote. Lakini studio inayonunua mwigizaji wa filamu tano haiwezi kuikwepa hesabu hii, nawe usiikwepe kwa sababu unampenda.

Katika alama 25 za sehemu hii, toa 15 kwa umri: zote kama ataanza kati ya miaka 30 na 40, tisa kwa 41 hadi 43, tatu kwa zaidi ya hapo. Aliye chini ya 30 mpe tano, kwa sababu afisa wa 00 lazima aonekane ana kazi nyuma yake. Cavill mwenyewe alifanya usaili wa kamera kwa ajili ya Casino Royale akiwa na miaka 22, na Martin Campbell, mwongozaji wa filamu hiyo, amesema wazi kwamba wakati ule alikuwa mdogo mno.

Alama kumi zilizobaki ni za mkataba. Fungua orodha ya kazi zake na uandike kila mradi uliotangazwa, pamoja na mwaka. Upigaji picha wa Bond hula miezi kama saba: Spectre ilianza Desemba 2014 ikaisha Julai 2015, na No Time to Die ilichukua Aprili hadi Oktoba 2019. Hapo bado kujinoa kabla na ziara za matangazo baadaye. Mwenye mfululizo mwingine mkubwa unaomdai mpunguzie alama tano. Ndiyo shida ya Holland, ambaye Spider-Man bado anamshika. Wala usidharau mikataba ya televisheni. Mwaka 1986 Brosnan alishachaguliwa, kisha NBC ikaifufua Remington Steele, na kazi ikaenda kwa Dalton. Brosnan akasubiri hadi GoldenEye ya 1995. Upande wa pili kuna Lazenby, aliyepewa ofa ya filamu saba akaondoka baada ya moja.

Sauti: funika skrini

Hapa mashabiki wa Afrika Mashariki wanahitaji tahadhari ya pekee. Wengi wetu tumewajua waigizaji hawa kupitia filamu zilizotafsiriwa na DJ, ambamo sauti ya mtafsiri hufunika ya mwigizaji. Ni sanaa yenye utamu wake, ila huwezi kumpima mtu kwa sauti ya mtu mwingine. Tafuta nakala yenye sauti ya asili, hata kama Kiingereza chako si kikubwa. Unachosikiliza si maneno.

Chagua dakika tatu za mazungumzo ya watu wawili, geuza simu kifudifudi, usikilize. Je, sentensi zake zinatua chini au zinapanda kama anauliza? Anaweza kumtisha mtu bila kupaza sauti? Akitoa amri, unaamini itatiiwa? Bond husema vitu vingi vya kawaida, jina lake, kinywaji, namba ya chumba, na lazima visikike kama mtu anayejua anachotaka.

Kosa la kawaida ni kuchagua kazi ambayo mwigizaji amebadilisha lafudhi. Turner katika Masters of the Air anacheza rubani wa Kimarekani, kwa hiyo kazi hiyo haifai kwa kipimo hiki. Taylor-Johnson katika Bullet Train anazungumza Kiingereza cha London, inafaa. Lowden ana Slow Horses, lakini angalia mtego wake: mle anacheza jasusi anayekosea na kuteseka, na watu humpa alama za Bond kwa sababu tu ana kitambulisho cha ujasusi. Kucheza jasusi si ushahidi.

Lafudhi yenyewe haina alama. Connery hakuwahi kuuficha Uskoti wake, na Fleming, aliyekuwa na shaka naye mwanzoni, baadaye alimwandikia Bond baba Mskoti.

Mwendo: zima sauti, hesabu mikato

Albert Broccoli na Harry Saltzman, watayarishaji wa kwanza wa filamu za Bond, walipomaliza kuongea na Connery, walimtazama kutoka dirishani akitembea barabarani, na mwendo ule ndio uliowaridhisha. Fanya kama wao. Tafuta picha inayomwonyesha mwigizaji mwili mzima, akitembea walau sekunde kumi bila mkato, kisha zima sauti. Angalia mikono. Asiyejua pa kuiweka, anayegusagusa kifungo cha koti au kukunja ngumi bila sababu, atakuwa na shida kwenye suti ya jioni, kwa sababu suti ile haifichi kitu.

Kwa mapigano, hesabu mikato. Picha ikibadilika kila sekunde, unamsifu mhariri. Tafuta vipande vya sekunde nne au zaidi ambamo uso na mwili wa mwigizaji vinaonekana pamoja, na ukikosa hata viwili katika filamu nzima ya ngumi, alama zisizidi nane. Misuli isikudanganye. Kazi hii inataka mwili unaovumilia miezi saba. Craig aliumia goti akifanya Spectre, na mwaka 2019 aliumia kifundo cha mguu Jamaica hadi akafanyiwa upasuaji, ilhali alikuwa mtu wa mazoezi makali.

Tukio la chumbani

Kwa miaka mingi waliofika kwenye usaili wa kamera walipewa tukio lile lile la From Russia with Love ya mwaka 1963. Litazame mara mbili kabla ya kumpima mtu yeyote.

Bond anaingia kwenye vyumba vyake vya hoteli Istanbul. Amechoka, anavua nguo, anafungulia maji ya kuoga. Anasikia kitu. Anajifunga taulo, anashika bastola, anakwenda kimya hadi chumba cha kulala, na kitandani yumo Tatiana Romanova, karani wa ubalozi wa Kisovieti, amevaa utepe mweusi shingoni tu. Kuanzia hapo mwigizaji ana kazi tatu kwa wakati mmoja. Awe mtu ambaye sekunde chache zilizopita alikuwa tayari kuua. Awe mwanamume anayefurahia alichokikuta. Na awe mtumishi wa serikali anayetaka kujua iko wapi Lektor, mashine ya Kisovieti ya kufumbulia ujumbe wa siri, aliyotumwa kuifuata. Connery anahama kutoka moja hadi nyingine bila kuonyesha mshono. Hana silaha ya kuchezea tena, hana suti, ana taulo na macho yake.

Tukio hili linawaangusha wengi kwa sababu ni rahisi kufanya moja kati ya hizo tatu. Mwigizaji mtanashati huonyesha mapenzi tu, hatari inapotea, na ghafla ni tangazo la manukato. Mwigizaji mkali hubaki na hatari, na mwanamke anaonekana yuko mashakani. Mwenye akili hukumbuka Lektor na kusahau kwamba kuna mtu mbele yake.

Wewe huna uwezo wa kumwita Dickinson umfanyie usaili. Tafuta tukio katika kazi zake lenye mabadiliko matatu ya hali ndani ya dakika tatu hivi, mbele ya mtu mmoja. Andika dakika ambayo kila badiliko linatokea. Kisha jiulize: nililiona likija? Badiliko lililotangazwa mapema, kwa kushusha pumzi au kukaza taya, mpe alama nne. Lililotokea bila wewe kulikamata, mpe saba, lakini jumla isizidi 20.

Ukimya

Sehemu hii ilianza kuwa na uzito kwa Craig. Katika Casino Royale kuna kiongozi wa waasi, Obanno, ambaye tunamwona kwanza katika tukio lililoandikwa kuwa ni Mbale, Uganda. Baadaye anafika hotelini na panga kudai pesa zake, na Bond anapigana naye kwenye ngazi hadi anamuua kwa mikono. Mapigano hayo yanasifiwa sana, ila wewe subiri dakika inayofuata. Bond yuko mbele ya kioo, shati lina damu. Ananawa. Anagugumia pombe. Anajitazama. Hakuna neno. Halafu anavaa shati safi na kurudi kwenye meza ya karata kana kwamba alitoka kupokea simu.

Tafuta dakika ya namna hiyo kwa mgombea wako: uso pekee, hakuna maneno, baada ya jambo zito. Kama muziki unakuambia ujisikie vipi, zima sauti uangalie tena. Hapa ndipo Kaluuya anapopanda. Ni mzaliwa wa London mwenye wazazi Waganda, ana Oscar, na macho yake yanabeba tukio zima katika Get Out. Mashabiki wa Kampala wanaomtaja hawamtaji kwa undugu tu, wana hoja. Lakini apite pia kwenye mwendo na tukio la chumbani, kwa alama zile zile za wengine.

Uvumi na odi

Machi 2024 gazeti moja la Uingereza liliandika kwamba Taylor-Johnson amepewa ofa rasmi. Habari ikazunguka dunia kwa siku moja, na mwaka ukaisha bila tangazo. Kila habari iulize ni nani anayesema. Studio, mtayarishaji au mwongozaji kwa jina lake: iandike. "Mtu wa karibu": iache. Mwigizaji akisema "sijui lolote", hilo si ndiyo wala hapana, na wakala wake anafurahi jina litajwe.

Odi za kubeti zisomwe kwa hesabu. Gawanya 100 kwa odi: 2.50 ni asilimia 40, 4.00 ni 25, 5.00 ni 20, 8.00 ni 12.5. Jumlisha majina yote kwenye orodha ya kampuni. Mara nyingi itapita 100, na kinachozidi ni faida yao, kwa hiyo kila nafasi unayoiona imekuzwa. Soko lenyewe ni dogo, pesa kidogo huisogeza odi, kisha kusogea huko kunageuka kuwa habari, na habari inaleta pesa nyingine. Usitoe alama hata moja kwa odi.

Kuendesha mdahalo

Majina yasizidi sita. Kila jina liwe na mtetezi mmoja, dakika tatu za kusema, na kipande kimoja cha kuonyesha kisichozidi dakika mbili. Kila mtu aandike alama zake kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo, ama sivyo mwenye sauti kubwa atapiga kura kwa niaba ya wote. Kwenye kundi la WhatsApp, alama zitumwe kwa msimamizi faraghani kisha zitolewe zote pamoja. Mkimaliza kusikilizana, kila mtu aruhusiwe kubadili sehemu moja tu ya alama zake.

Kuna hoja moja itakayokuja kila mara: No Time to Die ilimuua steringi, na sisi tumekua tukijua steringi hafi. Msipoteze jioni hapo. Mwisho wa filamu hiyo hiyo umeandikwa kwamba James Bond atarudi, na Casino Royale ilishaanza upya mwaka 2006 bila kumuuliza mtu ruhusa. Mgombea wenu hatakiwi kuendeleza maisha ya Craig, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtafuta anayefanana naye.

Majina mawili yakilingana, chukueni dakika ya ukimya ya kila mmoja, muiweke bila sauti, moja baada ya nyingine. Mpeni karatasi mtu ambaye hajui lolote kuhusu mdahalo wenu na mumwambie aandike sentensi moja: huyu mtu ametoka kufanya nini? Mgombea ambaye sentensi yake iko karibu zaidi na kilichotokea kwenye filamu ndiye anayepita.